Maji Niliyoyaficha

Mama yangu alichovya pembe ya leso katika kikombe, akaikamua mpaka ikabaki na unyevu tu, kisha akaipitisha juu ya midomo ya kitukuu wake. Mtoto alifungua kinywa, akaufuata unyevu ule kwa ulimi, lakini leso ilikuwa imekwisha ondolewa. Niliyaona hayo nikiwa nimesimama mlangoni, mwavuli sijaufunga, matone yakinidondokea miguuni, nikajua kwamba nimewahi kuyaona. Mkono ulikuwa ule ule. Upole ulikuwa ule ule. Mtoto tu ndiye aliyekuwa mwingine.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka wa tisini na saba, wakati wa mvua ile ambayo kila aliyekuwa Mombasa anaikumbuka. Kwetu Majengo vyoo vilifurika, maji yake yakaingia visimani, na ugonjwa wa kuharisha ukatembea nyumba hadi nyumba. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kaloleni, mvua ikamfungia barabara. Mimi nilikuwa nikifua na kupiga pasi kwa Mzee Taib, Kibokoni. Siku hiyo aliniruhusu mchana kwa sababu nguo hazikauki. Ndiyo sababu nilirudi mapema. Mpaka leo huwaza: je, jua lingewaka siku ile?

"Mama Kache, leo umefukuzwa ama umeiba sabuni ya mzee?" alinitania Zilpah, mpangaji wa chumba cha pili. Alikuwa ameketi ukumbini akimenya viazi, mwanawe mdogo amemlalia mgongoni. Kwa kawaida ningemjibu. Siku hiyo sikumgeukia, nikaingia chumbani.

"Tangu lini?" nilimuuliza binti yangu Kache.

"Tangu alfajiri, mama. Mara tisa."

"Amekunywa nini?"

Kache akamtazama bibi yake. "Hawe asema tumpumzishe tumbo," alisema. Hawe ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi kwetu Wagiriama. "Kila akinywa, yote yatoka."

"Tumbo lataka kutulia, mwanangu," mama akaniambia kwa sauti yake ya kubembeleza. "Ukimpa maji wazidi kulichokoza. Njoo ukae, wewe umelowa."

Nilimgusa Lewis, mwana wa Kache, utosini. Kidole kilizama. Nikamfinya ngozi ya tumbo, nayo ikabaki imesimama kama kitambaa kilichosahaulika kupigwa pasi.

Nilikuwa na miaka kumi na minane nilipomzaa Kazungu, kifungua mimba wangu, kule Kaloleni. Alifikisha miezi saba. Alipoanza kuharisha mama alikuja kwangu kwa miguu, mtungi wa dawa ya mizizi kichwani, na kwa siku mbili usingizi haukumjia. Alimpakata, akamwimbia, akamlowesha midomo kwa pembe ya leso. Mtoto aliulilia mtungi wa maji uliokuwa pembeni. Namwambia kila mama anayesoma hapa: mtoto aliulilia mtungi, na sisi tuliompenda tukausogeza mbali asiuone. Alipokwisha, watu walisema ni jicho la husuda. Mama alikataa chakula, akakonda, mpaka mimi mwenye msiba nikawa ndiye wa kumbembeleza.

Miaka ilipita, nikamzaa Kache. Naye alipoharisha nilikuwa nimeshuka Mombasa mjini kwa shughuli, nikamkimbiza zahanati. Nesi alinipa kikombe na kijiko, akanikariria kipimo mpaka nikakishika: maji yaliyochemshwa lita moja, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. "Mtoto huyu si tumbo linalomuua," aliniambia, "ni kiu." Hakujua kwamba amenipa mambo mawili kwa mpigo, dawa ya Kache na habari za Kazungu.

Nikafanya nini? Nilinyamaza. Ningewezaje kumwendea mama, aliyekonda kwa ajili ya mtoto yule, nikamwambia mkono wake ndio uliomnyima? Nikaacha jicho la husuda libebe lawama, kwa kuwa halina uso wa kuumia. Na kila Kache au ndugu zake walipoharisha nyumbani kwa mama, nilijidai nampeleka mtoto kuoga, nikajibanza nyuma ya banda la mbuzi na kumnywesha kijiko baada ya kijiko. Mtoto akipona mama hufurahi. "Waona, Kadzo? Tumbo likipumzika hupona." Nami hujibu, "Kweli, mama," kijiko nikiwa nimekificha ndani ya leso kiunoni.

Niliiita heshima. Niliona nina akili sana.

Basi siku ile ya mvua, mikono yangu ilijua la kufanya kabla sijafikiri. Nilimtwaa Lewis nikaelekea uani.

"Wampeleka wapi, mama?" akauliza Kache.

"Kumwogesha."

Nilifika mlangoni nikageuka, sijui kwa nini. Kache alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akimsikiliza bibi yake anavyomweleza namna ya kukamua leso. Alisikiliza kwa makini, kama mtoto wa darasani. Miaka ishirini alikuwa hai kwa maji ambayo hakuwahi kuambiwa habari zake. Kesho jua lingewaka, mimi ningekuwa Kibokoni na makanzu ya watu, na mwanawe angerudishwa kwenye leso ile.

Nilirudi nikaketi sakafuni.

"Kache, lete maji tuliyoyachemsha. Na sukari, na chumvi, na kijiko cha chai."

"Kadzo," mama alisema taratibu, "hukunisikia?"

"Nimekusikia, mama. Nilikusikia na kwa Kazungu." Nilimweka Lewis mapajani. "Mama, Kazungu hakufa kwa jicho la mtu. Alikufa kwa kiu."

Mvua ilipiga mabati. Huko ukumbini kisu cha Zilpah kilikuwa kimenyamaza.

Mama aliitazama leso mkononi mwake, akaikunja mara mbili, akaiweka chini kama kitu cha mtu mwingine.

Nilipima mbele ya macho yao wote, nikitaja kila kijiko kwa sauti. Lewis alimeza, akatapika. Kache akalia, "Waona, mama, yatoka!" Nikamwambia tungoje kidogo. Tukangoja, tukaanza tena, polepole, kijiko kimoja kimoja. Zilpah alikuja akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha.

"Mama Kache," alisema, "nami huyu wangu anaharisha, nimemnyima maji tangu jana. Hawe ndiye aliniambia."

"Mlete hapa."

Alasiri Lewis alianza kulia, na shavuni likateremka chozi. "Hawe, tazama!" Kache alipiga kelele akicheka na kulia pamoja. "Machozi! Ana machozi!" Mume wake, Ogutu, aliporudi kutoka bandarini alimkuta mtoto ameshavalishwa, wakaenda naye hospitali wakinyunyiziwa na mvua, Zilpah nyuma yao na wake. Walilazwa siku mbili. Wakarudi wote wawili, wazima.

Tangu watoto warudi, kwa siku nne mama alinikwepa; nikiingia chumbani, yeye hutoka uani. Alikula, alisali, alipakata mtoto. Siku ya tano nilikuwa nachagua mchele naye akaja akaketi karibu nami, bega kwa bega, kama tulivyozoea.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Kache akinyonya."

"Miaka ishirini."

"Sikutaka kukuumiza, mama."

"Najua." Alinitoa punje ya mchele iliyonasa kwenye nywele. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaanza kukunja vidole. "Mtoto wa Mung'aro, yule wa kike. Wa mdogo wake Mung'aro. Wa mke wa fundi baiskeli. Wale pacha, mmoja." Akataja wengine mpaka vidole vikaisha, akahamia mkono wa kulia. "Hao waliletwa kwangu kule Kaloleni baada ya hapo, Kadzo, na wakafa. Waliletwa kwangu kwa sababu wako walipona."

Laiti angenitukana. Sauti yake haikuwa na lawama yoyote, ilikuwa ikitafuta majina tu. Nilimshika mkono ule kabla haujafika kidole cha mwisho, naye akaniachia niushike.

Januari barabara ya Kaloleni ilipopitika alitaka kurudi. Nilimsindikiza hadi kituo cha magari cha Mwembe Tayari nikimbebea kikapu. Watu walisongamana, wauza maji na mayai wakitupigia kelele masikioni, na mimi sikuweza kuzuia ulimi.

"Mama, si lazima uwaambie yote. Wafundishe kipimo, basi. Inatosha."

"Bila kuwataja watoto?"

"Bila kuwataja."

"Nani atakishika?" aliuliza. "Nimwambie mtu aache aliloambiwa na mama yake, kwa sababu gani? Nitaanza kwa Mung'aro. Akinifukuza, nitakaa nje ya ua wake mpaka atoke." Akanitengeneza leso begani, ingawa haikuwa imekaa vibaya. "Wewe nenda. Nguo za Mzee Taib zangoja."

Nami ni mtu wa hofu. Siku hizi mtoto akilia ng'ambo ya ukuta hubisha hodi, hata kwa wasionipenda. Lakini asubuhi ile nilimwona kikongwe wa miaka sabini akipanda gari kwenda kubisha hodi ambazo mimi nisingethubutu kuzibisha.

Gari lilipoanza kusogea alitoa kichwa dirishani.

"Kadzo! Chumvi, kijiko kizima?"

"Nusu, mama! Nusu!"

Kijana wa mayai akacheka. "Ajuza, mchuzi huo hautakuwa na ladha!"

Mama hakumsikia. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza, akikariri. Gari likakata kona likatoweka, nami nikabaki pale katikati ya watu, mkono juu, kidole gumba kimeshika katikati ya kidole cha shahada, nikimwonyesha nusu.