Shingo ya Bata Bukini

Ndege ya kwenda Iqaluit ilikuwa inaondoka saa nane mchana, na saa nne asubuhi bata bukini wa jiwe wa Akavak bado alikuwa na makalio ya mraba. Akavak alikuwa nyuma ya nyumba yake hapo Kinngait, kaskazini mwa Kanada, grenda mkononi, kitambaa puani, mweupe kwa vumbi la jiwe kuanzia nyusi mpaka viatu. Miaka sitini na sita, wajukuu tisa, na bado anamwogopa mama yake.

Mama mwenyewe alikuwa na miaka saba. Mialia mkubwa, mama mzazi wa Akavak, alifariki, mwaka uliofuata akazaliwa mtoto kwa majirani, akapewa jina lake, na kwa mila yao anayepewa jina la marehemu hushika nafasi yake; kwa hiyo pamoja na jina akapewa na mwana. Tangu ajue kusema, Mialia mdogo humwita Akavak "mwanangu", humkagua kucha, na humuuliza mbele za watu kama amekula.

Marehemu alimwomba mwanawe kitu kimoja tu maishani: bata bukini wa jiwe, anayeruka, shingo imenyooka. Akavak akamjibu, "Kesho, mama." Lakini wanunuzi wa kusini walitaka dubu, tena dubu acheze, dubu asimame mguu mmoja. Kesho ikawa miaka kumi na moja, na mama akafa bila bata. Aibu hiyo ilimkaa Akavak kooni kama mwiba wa samaki. Sasa mama mdogo anahamia Iqaluit na wazazi wake, na Akavak ameapa kwamba safari hii mama haondoki mikono mitupu.

Binamu yake Tukkiapik, mtani wake tangu utotoni, alikuwa amekalia pipa tupu, anakunywa chai.

"Huyo bata au kiazi?"

"Kunywa chai yako, bwana."

"Nauliza tu. Nikimtazama vizuri namwona shemeji yangu."

Akavak akaweka grenda chini, akashika tupa, kisha msasa na maji. Shingo ikatokea ndefu, nyembamba, ya kijani yenye mistari myeusi. Hata Tukkiapik aliweka kikombe chini, akasogea kutazama. Saa saba na nusu Akavak akaona aipunguze kidogo tu. Hiyo "kidogo tu" ndiyo iliyomponza maisha yake yote. Tak! Shingo ikaanguka kwenye theluji.

"Sili," alisema Tukkiapik.

Hapo Kinngait dubu akivunjika mguu huwa sili, yule mnyama wa baharini asiye na shingo wala miguu, bundi akivunjika bawa huwa sili, na hakuna mchongaji anayeuliza. Nusu ya sili walioko kusini walianza maisha wakiwa kitu kingine.

"Mpige msasa hapo kisogoni, sili huyo. Mtoto wa miaka saba atajua nini?"

"Si mtoto. Ni mama."

"Lo! Basi umekwisha."

Wakapakiana kwenye pikipiki ya magurudumu manne mpaka uwanja wa ndege. Mialia alikuwa mlangoni, begi mgongoni, mikono kiunoni.

"Umechelewa. Pua imejaa vumbi. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Nini?"

"Chai."

"Chai si chakula. Nipe bata wangu."

Akavak akatoa jiwe kwenye mfuko wa kulia. "Ni sili, mama. Sili mnene."

Mialia akaligeuza juu chini. "Sili ana mabawa?"

Tukkiapik akakohoa, akatazama dari.

"Na mfuko wa kushoto una nini?"

Akavak akatoa shingo. Machozi yalikuwa yanamlenga, wala hakujali nani anaona. "Imevunjika, mama. Nisamehe. Na yule wa kwanza pia, yule ambaye sikumfanya kabisa."

Mialia akaiweka shingo mahali pake, akafumba jicho moja, akapima. Kisha akatia mwili kwenye begi, akamrudishia shingo.

"Huyu naenda naye, usije ukamgeuza sili kweli. Shingo baki nayo, iwe kipimo. Utengeneze mwingine, mzima, umlete Iqaluit."

"Kesho naanza, mama."

"Leo."

"Leo, mama."

Akaenda hatua tatu, akarudi, akamvuta koti ainame. Alimnong'oneza, lakini ukumbi mzima ulisikia.

"Na usiharakishe ukavunja tena. Safari hii sifi kabla sijampata."