Mitambaazi ya Kilimani

Amri ilimfikia Consolate Jumatatu asubuhi, akitoka misa: kile kichaka cha kilimani kisiposafishwa kufikia Jumamosi, askari watakata miti yote. Mwenye bunduki akijificha humo, walisema, aiona njia naye haonekani.

Consolate alikuwa mwalimu mstaafu. Miti ile, misave, aliipanda pamoja na wanafunzi wake, ili mizizi yake iushike udongo wa mteremko usiziangukie nyumba za mtaa wa Kanyosha wakati wa mvua. Vita vilipowatawanya watu, palizi ikakoma, na mitambaazi yenye maua ya zambarau ikatoka kwenye ua wa nyumba iliyohamwa, ikaivaa miti toka shina hadi kilele.

Alimwita Shaabani, fundi wa magari, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya mteremko.

“Mwalimu, hii tuivute tu, ishuke yote!” Shaabani alikamata mtambaazi mmoja kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zote. Tawi zima la mti likakatika, likaipita kofia yake na kuanguka hatua moja kutoka alipo.

“Umemaliza?” aliuliza Consolate.

“Nimemaliza, Mwalimu.”

“Basi shika panga. Kata usawa wa kifundo cha mguu, kata tena juu ya kichwa chako, kipande cha katikati ukitoe. Kilicho juu kiache kifie hukohuko. Mti usiuguse.”

Siku tano walifanya kazi hiyo, shina baada ya shina, wakifyeka na vichaka vya chini. Jumamosi akaja Ajida Jovithe, mkuu wa askari wa kituo cha jirani. Akatazama juu. Majani yalikuwa bado mabichi.

“Mama, we unanichezea? Wiki muzima, na majani yote iko palepale!”

Consolate hakubembeleza. Hata mkaguzi wa shule hakupata kubembelezwa naye.

“Ajida, shuka njiani, pale unaposimamaga na watu wako. Kisha uniambie unaona nini.” Akamgeukia Shaabani. “Nawe kajifiche katikati ya miti.”

“Mwalimu, mi ndiye niwe adui?”

“Kwa dakika tano tu.”

Ajida alishuka akinung’unika. Shaabani akachagua msave mnene kuliko yote, akabana pumzi.

Kisha sauti ikapanda kutoka njiani: “We mutu wa kofia! Toka! Tumbo naliona kushoto na kulia kwa muti!”

Askari wakaangua kicheko. “Apana, ni koti hiyo!” alipiga kelele Shaabani.

Ajida alirudi akihema. Alishika ncha ya mtambaazi uliokatwa, uliokuwa ukining’inia juu ya kichwa chake, akauvunja. Ulivunjika kama kijiti cha kuni.

“Na haya ya juu?”

“Hayanywi tena maji. Wiki mbili, yatapukutika yenyewe. Kilichobaki ni mizizi ya mitambaazi, tusipoing’oa itachipua.”

Ajida aliitazama miti, kisha mapaa ya nyumba yaliyo chini yake.

“Muti ibaki. Jumatatu nitakuletea askari wawili na majembe.”

“Wafike saa moja,” alisema Consolate, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akatabasamu. “Si saa moja na robo.”