Barua ya Mama na Kifungu cha Tatu

"Wanachama wote mnaarifiwa kwamba, kuanzia tarehe mosi Septemba 1998, bahasha zitakazokabidhiwa wasafiri waendao nyumbani ziwe nyeupe, na gundi yake ilambwe na mwandishi wa barua mwenyewe, si na msafiri."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni mwa ukumbi wa kanisa mjini Irving, kando ya Dallas, Marekani. Aliyelitunga ni Elkana, katibu wa barua wa chama cha watu wa Afrika Mashariki waishio Dallas. Alilisahihisha mara nne. Neno "mwenyewe" liliingia katika rasimu ya tatu, naye siku hiyo alikwenda kulala akijiona amelitumikia bara lake.

Kwa miaka tisa Elkana alikuwa akiandika tasnifu kuhusu jambo moja tu: jinsi wajumbe wa makoloni ya Kiingereza walivyokaa London mwaka 1898 kubishania nauli ya peni moja kwa kila barua. Asubuhi alisoma kumbukumbu za vikao vyao. Mchana alipakia mizigo uwanja wa ndege, ambako hakuna aliyewahi kumuuliza habari za peni. Rafiki zake walimwita Daktari, ili asisahau kwamba bado.

Desturi ilikuwa kwamba anayekwenda nyumbani hubeba barua za wote, kwa kuwa posta ilizichelewesha, na nyingine ikabaki nazo. Mwenye barua humpa msafiri kitu kidogo cha shukrani. Dallas walitoa dola moja kwa barua, Houston mbili. Basi wasafiri wakaanza kukumbuka za Houston na kusahau za Dallas. Hapo Elkana aliliona lile alilolingoja maisha yake yote: makoloni mawili, nauli mbili, na mtu mmoja anayeijua historia. Akaitisha mazungumzo.

Mfukoni mwa koti alikuwa na barua yake mwenyewe. Mama yake, huko Nyamira, alitakiwa kufika mbele ya baraza la ardhi tarehe kumi na mbili Novemba na idhini ya mwanawe wa kwanza, yenye sahihi ya wino, ili shamba la marehemu mumewe liandikwe kwa jina lake. Karatasi ikikosekana, shamba lingekwenda kwa shemeji yake, ambaye tayari alikuwa amepima mahali pa kujenga. Elkana alikuwa ameitia sahihi idhini hiyo tangu Agosti. Wasafiri watatu waliondoka, naye hakumpa hata mmoja, maana alitaka iwe barua ya kwanza kusafiri chini ya nauli mpya.

Msafiri wa mwisho kabla ya tarehe ya baraza alikuwa Immaculate, muuguzi wa Houston, ambaye ndege yake ingeondoka Jumamosi, tarehe saba, jioni. Mkutano ukapangwa siku hiyo hiyo, saa sita mchana, huko Houston, nyumbani kwa Truphosa, dada ya huyo muuguzi. Elkana aliendesha gari kwa muda wa saa nne kutoka Irving, akiwa na tai na nakala kumi za ajenda. Walihudhuria watu sita, naye akawa mwenyekiti.

Ujumbe wa Houston uliongozwa na Method, Mtanzania mpole ambaye hakuwahi kukataa jambo, bali aliliomba lifafanuliwe. Aliomba kufafanuliwa kama barua yenye picha ndani ni barua moja au mbili. Jambo hilo lilichukua saa nzima. Kisha ikaja kaseti ya salamu: ni barua, au ni mzigo? Ili upande mmoja usijipendelee wakati majadiliano yakiendelea, Elkana alipendekeza kifungu cha tatu: barua yoyote isikabidhiwe msafiri kabla nauli haijaafikiwa. Kifungu hicho peke yake ndicho kilichopita bila kupingwa.

Immaculate alikuwa ameketi karibu na mlango, viatu miguuni, sanduku kando.

"Daktari, hizi barua mnanipa ama mnaziombea?"

"Tunakaribia, dada."

"Hata saa tisa mlikuwa mnakaribia."

"Watu wazima sita," Truphosa alisema akimimina chai, "na hakuna anayejua kutia bahasha kwenye mkoba."

Ilipofika saa kumi Immaculate alisimama. Alipofika mlangoni aligeuka, akapunguza sauti.

"Kaka Elkana, nimesikia habari ya mama. Leta hiyo yako. Hakuna mtu anaangalia."

Wote walikuwa wakiangalia. Method akakohoa. "Ndugu mwenyekiti, mpe tu. Sisi wa Houston hatutasema kitu."

Mkono wa Elkana ulikuwa umeshaigusa bahasha. Lakini huruma ya upande wa pili ilimchoma kuliko upinzani wake. Katika sura ya tano ya tasnifu yake alikuwa amewadhihaki, kwa kurasa thelathini, wajumbe waliojali heshima ya koloni kuliko barua zenyewe. Sura hiyo ndiyo aliyoipenda zaidi.

"Kifungu ni changu," alisema. "Nikikivunja mimi, nani atakiheshimu?"

"Hakuna," alijibu Immaculate. "Hata usipokivunja."

Akaenda. Elkana alivumilia dakika kumi na moja, akanyanyuka akisema anataka hewa, akashuka ngazi mbilimbili. Pale gari la Immaculate lilipokuwa limeegeshwa palibaki doa la mafuta. Angeweza kulifuata hadi uwanja wa ndege. Ufunguo alikuwa nao mkononi. Juu, dirishani, Method aliita kwa adabu kwamba wanakaribia kupiga kura, na kwamba bila mwenyekiti kura haitakuwa halali.

Akapanda ngazi. Azimio lilipita kwa kura zote, naye akaliandika kwa mkono wake:

"Imeamuliwa kwamba nauli ya barua kati ya Dallas na Houston kwa upande mmoja, na nyumbani kwa upande mwingine, iwe moja. Kiasi chake kitapangwa na kamati ndogo, itakayoshauriana kwa barua. Barua zote ambazo hazijasafirishwa zitatunzwa na mwenyekiti, mahali pakavu."