Igifu cha Mama

Mtaani kwetu Biryogo, nchini Rwanda, mwanaume akishika kifua, watu husema moyo. Mwanamke akishika kifua, husema igifu. Ni neno la Kinyarwanda, maana yake tumbo, nasi tumelitwisha kila maumivu ya mwanamke kuanzia kitovu hadi taya.

Baba yangu, mzee Hakizimana, alishika kifua akaanguka dukani kwake, mwaka ule wa mazungumzo ya amani ya Arusha. Mnene, mvuta sigara, mwepesi wa hasira, hakuna aliyeshangaa. Alipotoka hospitali, nyumba nzima ikawa inazunguka kifua chake. Mama, Mukantwari, alimpikia chungu chake kisicho na chumvi, akamwogesha, akamshika mkono kila akienda kliniki.

Mama mwenyewe ana sukari, na hedhi zilishakoma. Akaanza kuhema kwa kufagia ua tu. Taya likamuuma, asubuhi akatapika. "Iko igifu tu," alisema, na majirani wakamletea maziwa. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama hakuficha kitu. Alisema kila siku, ila sisi tulikuwa na jina letu tayari, na mimi nilichoka kulisikia.

Baba aliporudi hospitali kupimwa, nilimwambia daktari wake, "Dokteri Gratien, pima na mama."

Akatabasamu. "Aidah, moyo ni ya wanaume. Mama iko na igifu."

"Iko na sukari pia. Hata ngazi hawezi kupanda."

"Mtampeleka siku ingine."

Sikutoka. Nilisimama mlangoni na uchovu wangu wote, wagonjwa wakanung'unika nyuma yangu, mpaka akaona heri ampime kuliko kubishana nami. Alimlaza mama, akambandika nyaya za mashine ya kupima moyo. Karatasi ilipotoka aliisoma, akaisoma tena, tabasamu likamwisha.

"Mwanamke iko na kinga yake," alisema taratibu, "lakini hedhi ikikoma inapungua, na sukari inaimaliza. Nilijua hiyo. Sikuifikiria." Akamgeukia mama. "Moyo yako ilishaumia, mama. Maumivu makali ulisikia lini?"

Mama aliona haya. "Siku tulimuleta Mzee hapa. Nilikaa pale inje ku benchi, jasho ikanitoka, mkono ikakufa ganzi. Nikasema ni igifu, nitakunywa maziwa nikifika."

Pale nje, hatua chache kutoka kwa daktari, na sisi sote tumemzunguka baba. Nilitaka kulia, nikakosa hata nguvu ya kulia.

"Leo analala hapa," daktari alisema. "Hakuna kazi, hakuna kubeba maji, hakuna jiko."

Baba alitutazama mmoja mmoja. "Sasa nani atanipikia?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza mvua itanyesha lini.

Kabla sijafungua mdomo, mama alikuwa ameshajiinua, miguu yake ikipapasa sakafuni kutafuta viatu.