Siku Tulipokiua Kisulisuli

Paulina alipotoka hospitali na kichanga chake chenye mapafu dhaifu, daktari alimwonya kwamba vumbi likimwingia mtoto, atakufa. Vumbi, hapa Majengo! Basi mtaa mzima tukamwaga njiani hata maji ya kunywa, tukaziba madirisha yake kwa kanga mbichi.

Adhuhuri kisulisuli kikatokea sokoni kimebeba bati na kuku wawili, kikaelekea mlangoni kwake.

"Kiueni!" akafoka Bi Mishi, muuza mtama, akakitandika mchi wa kiuno. Mimi nikakichapa fimbo. Hamidu kinyozi akakirukia shingoni. Vumbi likatufumba macho, tukawa tunapiga hovyo. Damu ikaruka, meno yakadondoka, mkono wa Hamidu ukalia kama ukuni mkavu. Hakuna aliyerudi nyuma.

Mwishowe kikaanguka chali, kikatapika bati na kuku, kikafa.

Tukasikiliza, damu zinatuvuja. Ndani, mtoto akapiga chafya moja, kisha akaendelea kupumua.

"Nani kanivunja mkono?" Hamidu akauliza.

"Si ni huyo marehemu, mdogo wangu," akajibu Bi Mishi, akiuficha mchi nyuma yake.