Patasi za Vellaiyamma

"Mama, amka! Tumefika Kotagiri."

Vellaiyamma alifumbua macho. Nje ya dirisha hapakuwa na minazi wala vumbi. Palikuwa na ukungu na harufu ya mikaratusi.

"Kotagiri? Mimi nakwenda Karamadai!"

Kondakta alicheka. "Karamadai ni huko chini, mama. Wewe umepanda mlima. Basi la kushuka ni saa nane. Zunguka kidogo, upate hewa. Wenzako hulipa kuja kuipata."

Alishuka na mfuko wake wa gunia. Ndani mlikuwa na nyundo moja na patasi tatu. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa amezunguka mitaa ya tambarare akiyachonga upya mawe ya kusagia yaliyolainika. Siku hizi kila jiko lina mashine ya umeme. Mwezi uliopita alipata mawe mawili tu. Mke wa mwanawe alikuwa amemtafutia kazi ya kufagia ukumbi wa harusi, aanze Jumatatu. Karamadai alikuwa akienda kuziuza patasi zile kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Baridi ilipenya sari yake ya pamba. Akaingia mgahawa wa kwanza uliokuwa ukitoa moshi.

"Chai ipo. Chakula usiniulize," alisema mwenye mgahawa, mwanamke mnene aliyejifunga shali kichwani. Jina lake Rukkumani. Alfajiri mti uliangukia nyaya za umeme na mashine yake ikanyamaza, na saa sita watu arobaini wa posa wangekuja kula dosai, zile chapati nyembamba za uji wa mchele. Uji wa dosai ulikwisha kuumuka. Chatini ya nazi ndiyo haikuwapo. "Dosai bila chatini! Uchumba ukivunjika watasema ni mimi."

"Huna jiwe?"

"Lile pale, naweka ndoo juu yake. Lilikuwa la mama mkwe. Nimelijaribu leo, nazi inateleza tu."

Vellaiyamma aliiondoa ndoo, akachuchumaa, akaligonga jiwe kwa kifundo cha kidole. Likatoa mlio mzito, usio na ufa.

"Jiwe zima hili. Nipe saa moja."

"Wewe? Mama, nina watu arobaini, sina nafasi ya majaribio."

"Basi usisimame hapo kunitazama. Kakune nazi."

Rukkumani akasonya, lakini akaenda.

Vellaiyamma aliipinda sari katikati ya miguu, akafinya jicho moja, akaanza. Hakupiga kwa nguvu. Alipiga kwa usawa, tundu baada ya tundu, mstari ukiegemea mstari kama magamba ya samaki, na vumbi jeupe likamkalia nyusi. Mchi wake, nao wa jiwe, akauchonga pande zote. Kisha akaliosha jiwe, akasagia juu yake konzi ya mchele na chumvi, akaumwaga ule unga wenye changarawe, akaosha tena.

"Sasa lete."

Rukkumani aliuvuta mchi mara moja. Nazi ikang'atwa. Akauvuta tena, pilipili na tangawizi zikafunguka harufu, naye akaduwaa. "Loo! Hivi ndivyo jikoni kwa mama mkwe kulivyokuwa kukinukia."

Wageni walikula. Baba wa bwana harusi aliomba chatini mara ya tatu. "Leo umetia nini humu?"

"Jiwe," alijibu Rukkumani, na meza nzima ikacheka.

Saa nane kondakta alichungulia mlangoni. "Mama wa Karamadai! Twende!"

Vellaiyamma hakuinuka. Alikuwa kibarazani akizinoa patasi, na majirani wawili wa Rukkumani walikuwa wameshamwuliza kama ataondoka kabla ya kuwachongea mawe yao.

"Kuna jingine saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Hilo ndilo langu."

Huko juu, kwenye njia ya mashamba ya chai, wanawake watatu walikuwa wakiteremsha jiwe jeusi juu ya gunia, wakilivuta, wakiteleza, wakipigiana kelele na kucheka. Vellaiyamma alisogea kando kidogo kuwapisha, akawasubiri.