Marehemu Hakusema Kata

Mtaani walimwita Marehemu, naye aliitika. Katika kila filamu aliyoitunga, akaiongoza na kuicheza mwenyewe, lazima alikufa. Alikufa kwa panga, kwa kamba, kwa kutupwa kisimani, na mara moja kwa mwiko wa mama mkwe. Kinyozi wa pale kona akimwona tu alipaza sauti: "Jamani, Marehemu anapita, mpisheni!" Watu wanacheka, na Marehemu anapunga mkono kama mheshimiwa.

Hakusomea popote. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na kreni ya kubebea kamera aliichomelea kwa mabomba ya kitanda chao cha ndoa. Mkewe alilala chini kwa sababu ya sanaa, na habari hiyo alimpa kila aliyekuwa tayari kuisikia. Walikuwa wengi. Sebule yao ilishakuwa benki, wodi, kituo cha polisi na ikulu. Sofa lao la kahawia lilicheza filamu nyingi kuliko mwigizaji yeyote, na watu wakienda kwa mafundi simu kurushiwa filamu mpya waliulizana kwanza: safari hii sofa kakalia nani?

Damu ilitengenezwa na mkewe. Sharubati nyekundu, unga kidogo wa kuipa uzito, kakao ya kuitia giza. Aliijaza kwenye vifuko vya nailoni vyenye ukubwa wa kidole gumba, akavifunga fundo. Mwigizaji anaficha kifuko shavuni, akipigwa anakiuma, mdomo unajaa damu. Kwa hiyo yeye wakamwita Mama Damu, na kinyozi kila siku alikuwa na swali lake lile lile: "Mama Damu, leo umetuletea grupu gani?"

Ila damu ndiyo kitu pekee cha uongo kilichoruhusiwa katika nyumba ile. Ngumi, Marehemu alizitaka za kweli. "Mtazamaji siyo mjinga," alikuwa akisema. "Ngumi ya hewa anaijua. Ukinipiga, nipige." Na kama mtu bado anacheza baridi, alikuwa na dawa yake: anamsogelea, kamera tayari inarekodi, anamwambia lile neno linalomuuma kuliko yote duniani. Mkewe mwenyewe alishachokonolewa hivyo, kwa ajili ya mimba iliyotoka. Alilia kwenye kamera mpaka akapoteza sauti, na watu walikisifu kilio kile mitaa na mitaa. Kwa adhabu, Marehemu akanyweshwa chai bila sukari hadi mvua za mwaka uliofuata.

Halafu kulikuwa na sheria. "Kata" anasema yeye, na hakuna mwingine.

Sheria hiyo ilizaliwa siku ya chupa. Marehemu alitaka avunjiwe chupa usoni, chupa hasa, na kipande kikaingia jicho la kulia. Binamu yake, ambaye ndiye mpigapicha na ndiye mhariri, alizima kamera akamkimbilia. Marehemu, damu inamtiririka mpaka kwenye kola, alimzaba kofi mbele ya watu wote. "Nani kakuambia ukate? Hata nikifa, kamera iendelee. Nimeeleweka?" Jicho likaenda. Lakini hakulililia jicho. Alichokililia ni ile sehemu ambayo haikurekodiwa.

Likabaki la kushoto. Siku moja likaanza kuona vimulimuli, wakaenda hospitali, daktari akalimulika kwa muda kisha akazima taa yake. "Ngozi ya nyuma ya jicho inabanduka. Tutampangia matibabu, lakini mpaka hapo asiguswe kichwa. Ngumi moja tu, basi."

"Basi nini, daktari?" aliuliza Mama Damu.

"Basi filamu atakuwa anazisikiliza."

 Walipofika nyumbani Mama Damu alifunga mlango, akauegemeza mgongo. "Hiyo filamu unayoicheza sasa imebaki pambano la mwisho. Utapigana kwa kuigiza, au mimi na damu yangu tunaondoka."

"Mke wangu, nimekubali."

"Apa."

Akaapa. Na yule wa kupigana naye akaitwa, naye akaapa. Huyo alikuwa baunsa wa baa ya mtaa wa pili, mtu wa kuinama akiingia mlangoni, mpole hadi paka wa jirani walimlalia miguuni. "Shemeji, mkono wangu naujua mwenyewe," alisema. "Nyumba hii nimekula na kunywa. Mimi nimtoe mtu jicho?"

Siku ya pambano ua ulijaa. Majirani ndio walikuwa waigizaji: Marehemu ni jambazi aliyekamatwa, Baunsa ni kaka wa aliyeuawa, na umati kazi yake ni kupiga makofi na kupaza sauti, "Muue! Muue!" Kinyozi alifunga duka aje kupaza sauti. Kamera ilikaa juu ya kreni, Binamu akiwa ameishikilia kutoka chini kwa kamba mbili.

Walirudia, wakarudia. Ngumi ya Baunsa ilipita pembeni ya sikio vizuri kabisa, Marehemu akauma kifuko, akaanguka. Kisha akaenda kujitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, jicho lake moja limekaribia kugusa.

"Unanipiga au unanifukuzia nzi?"

Umati ukaangua kicheko. "Anakupepea, Marehemu!" kinyozi alisema. "Unasikia joto!"

Baunsa akacheka naye, kwa aibu. Wakarudia tena, ikawa mbaya zaidi. Jua lilikuwa linauacha ua upande mmoja. Mama Damu aliketi kwenye kizingiti akifunga kifuko kingine, fundo limemgomea, akalikaza kwa meno. Alipoinua uso, mumewe alishampa Binamu ishara ya kidole, na tayari alikuwa amesimama kifuani kwa Baunsa, akizungumza taratibu kama mtu anayetoa pole.

"Mdogo wako alikuita kwa jina."

Ua wote ulikijua kisa hicho. Baunsa alikisimulia mwenyewe, juu ya sofa lile lile, akilia kikombe mkononi. Mdogo wake alisingiziwa kuiba simu, umati ukamuua kwa matofali nyumba mbili kutoka baa, na yeye Baunsa, mlangoni pa baa, alidhani ni kelele za walevi.

"Bosi, acha," alisema Baunsa.

"Kinyozi alimsikia. Wauza mitumba walimsikia. Wewe ulikuwa unalinda mlango."

"Bosi, nimekuomba."

"Alikuita mpaka meno yakamwisha mdomoni."

Ngumi ya kwanza haikuonekana. Ulisikika mlio wake tu, kama gunia la mchanga lililodondoka toka juu, na Marehemu akaruka nyuma, akagonga ngazi ya mlango, akasimama. Alikuwa anatabasamu. Ya pili ilimpata juu ya jicho, lile la kushoto. Nyusi ikafunguka. Ya tatu ilimkalisha chini, na goti la Baunsa likamfuata kifuani.

"Muue!" umati ulishangilia. "Muue! Muue!"

Mama Damu aliiona damu, akafikiri: safari hii kakiuma vizuri. Wazo hilo lilimkaa kichwani kitambo kidogo sana. Kisha akaangalia kiganja chake. Kifuko kilikuwa humo, kimejaa, fundo limekaza.

"Kata!" alipiga kelele. "Kata! Kateni!"

"Mama Damu naye yumo!" kinyozi alishangaa, akapiga makofi kwa nguvu zaidi. "Cheza, mama!"

Baunsa alikuwa amemnyanyua Marehemu kwa nyuma, akamkaba roba. Mkono ule mnene ulizama shingoni. Miguu ya Marehemu ilikwangua saruji, kiatu kimoja kikachomoka. Mdomo wake ulikuwa wazi, na hakuna kilichotoka isipokuwa povu jekundu. Mama Damu aliurukia mkono wa Baunsa, akaung'ata. Baunsa hakuhisi. Alimpangusa kwa kiwiko, mwanamke akajibamiza ukutani, akainuka na mdomo umepasuka, ladha ya chuma ulimini. Akamvamia Binamu.

"Zima kamera!"

"Shemeji, hajasema."

"Atasemaje na amekabwa?"

"Shemeji, mimi nilishazabwa kofi kwa kukata!" Binamu alikuwa analia, lakini kamba hakuachia. "Hajasema kata! Mwenyewe hajasema!"

Nyuma yao miguu iliacha kukwangua.

Mama Damu hakumgeukia Baunsa tena. Aliwajua watu wake: kumi wasingemtoa mtu yule, na hata wangeweza, wangengoja neno. Alilikumbatia bomba la kreni, bomba la kitanda chake mwenyewe, akaweka bega, akasukuma kwa uzito wake wote. Kreni ikayumba, kamba zikamchana Binamu viganja, na kamera ikashuka kichwa chini mpaka kwenye saruji. Kile kioo chake kidogo kikatawanyika uani.

Kelele zikakatika.

Na Baunsa akaachia. Katika nyumba ile kamera ikizima unampa mwenzako mkono, unamnyanyua. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wote. Basi Baunsa, bado anahema, aliunyoosha mkono kumwinua bosi wake, na hapo ndipo alipouona mkono wenyewe ulivyolowa damu. Akapiga magoti akaanza kutapika.

Ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, na ni yeye aliyelala sakafuni hospitali mpaka walipomfukuza. Pumzi ya Marehemu ilirudi. Sauti ilirudi nusu, yenye mikwaruzo. Jicho halikurudi.

Nyumba haikukosa watu, maana wagonjwa wa namna hiyo wana wageni. Waliomzunguka kwenye sofa walimpa pole, kisha wakashusha sauti na kuulizana kama ile kamera iliokoa chochote. Iliokoa. Binamu aliitoa kadi ikiwa nzima. Mama Damu alitaka kuitia kwenye jiko la mkaa, Marehemu akasema hapana, na siku ya kuhariri alimwomba jambo moja: akae pembeni yake, amwambie anachokiona.

Walikaa watatu mchana, pazia limeshushwa. Binamu akabonyeza.

"Ngumi ya pili hiyo," alisema Mama Damu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nyusi inafunguka."

"Uso wangu upo kwenye mwanga?"

"Upo."

Marehemu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kutoka kwenye spika umati ulikuwa unashangilia, na yeye alikuwa akiufuata kwa kidole juu ya goti.

"Sasa roba. Kiatu kinatoka. Jicho lako limegeuka juu. Sasa picha inaanguka." Kishindo kikajaa chumbani, kisha kimya. "Lenzi imepasuka katikati, lakini kamera bado inarekodi. Tunaona miguu."

"Ya nani?"

"Yangu. Pekupeku. Inakuja kwako."

Mkono wa Marehemu ukatafuta mkono wa mkewe juu ya sofa. "Ni mwisho mzuri huo," alisema taratibu. "Mzuri sana. Kata hapo hapo."

Binamu hakubonyeza. Alimtazama Mama Damu kwanza.

"Ngoja," alisema Mama Damu. "Kuna na maneno."

Spika ikaendelea. Sauti ya kinyozi ilisikika, imechukia: "Aah, Mama Damu, umeharibu! Ilikuwa imefika patamu!" Mwingine akazomea. Mwingine: "Mwambieni huyo mama akae pembeni." Kisha kukohoa, kukohoa kwa kitu kinachorudi kutoka mbali, na kwikwi ya mwanamke karibu kabisa na kipaza sauti, akiita jina la mumewe, lile la nyumbani ambalo mtaani hakuna alijuaye. Kisha sauti ya kiume, imekunjwa kama bati:

"Nani kakata?"

Mama Damu kwenye spika aliendelea kuliita lile jina.

"Nimeuliza nani kakata! Nani... toka hapa... nani kakata?"

Kwenye sofa Marehemu alikuwa amegeuza uso upande wa sauti, kinywa kikiwa wazi. Vidole vyake vilikuwa vimeacha kutafuta. Vililala juu ya kitambaa cha kahawia, kiganja juu.

Binamu alikuwa na kidole juu ya kitufe, akingoja.

Mama Damu aliiacha iseme mara nyingine tena. Kisha akasema, "Kata."